Maji ya Heshima

Machi 6

Mvua imeanza leo asubuhi, na Dada ameanza pamoja nayo. Kopo la miski limekwisha. Si kwamba linakaribia kwisha. Amelikwangua kwa kijiko mpaka bati likang'aa, kisha akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyeilamba. Tangu mwaka jana namwambia miski inaisha, tutafute nyingine, na tangu mwaka jana ananijibu, "Itapatikana." Sasa haipatikani, na mwenye kosa ni mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na kopo.

Mume wangu anasema nikiandika napunguza kufoka nyumbani, kwa hiyo naandika. Mama yetu alituachia chumba hiki cha kuchanganyia manukato, nyuma ya duka la fundi cherehani, na akatuachia manukato yenyewe, Saa Kumi. Aliyatunga kwa ajili ya mwanamke aliyetoka kazini na bado hajafika nyumbani, saa ile ambayo hakuna anayemtuma. Ni ya mtindo wa zamani. Limau linakupokea, maua yanakukaribisha kiti, na chini yake kuna miski inayobaki kwenye nguo mpaka kesho yake. Dada ndiye anayechanganya. Mimi napima, nachuja, nafunga, naosha vyombo na kugombana na wateja.

Lakini kuna mteja safari hii ambaye si wa kugombana naye. Mnunuzi, mwenye maduka katika kila mji wa maana, anataka Saa Kumi kwenye maduka yake yote. Mvua zikiisha atakuja kunusa. Akiridhika, tumepona. Asiporidhika, Dada ameshasema: anafunga chumba, anauza mizani ya Mama na anakwenda kuishi kwa mwanawe. Mimi nitakwenda wapi, hakuna aliyeuliza.

Machi 8

Mvua. Vijikaratasi vya kunusia havikauki.

Machi 11

Bwana Sampuli amekuja. Ndivyo tunavyomwita mwakilishi wa kiwanda kinachouza harufu za maabara, kwa sababu hajawahi kuonekana bila ule mkoba wake wa vichupa. Dada hakumpa hata kiti.

"Mama Mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Humu ni asili tupu. Mlango ulioingilia ndio wa kutokea."

Bwana Sampuli ni mvumilivu. Alieleza polepole kwamba miski ya kopo, ile ya unga, haitengenezwi tena. Ilikuwa inawawasha watu ngozi, ikapigwa marufuku. Dada akasema haitengenezwi kwa sababu haijawahi kutengenezwa, inatoka kwa mnyama. Bwana Sampuli akaniangalia. Mimi nikaangalia dari, ambayo inavuja.

Akatoa kichupa cha miski mpya, akachovya kijikaratasi, akampa. Dada akakipitisha puani, akangoja, akakipitisha tena.

"Maji," akasema.

"Nusa tena, Mama Mkubwa. Inachelewa kidogo kufunguka."

"Mwanangu, mimi nanusa tangu hujazaliwa. Hii ni karatasi iliyolowa. Nenda kawauzie hewa wajinga wenzako."

Nikakichukua kile kijikaratasi mkononi mwake. Nilisikia shuka safi, ngozi iliyooga, kitu laini chenye joto. Si miski ya Mama, lakini ni ndugu yake wa karibu. Nikamwambia Dada hivyo. Akasema mimi nimeolewa na mvuta sigara, pua yangu ilikwenda na moshi siku nyingi. Bwana Sampuli alipotoka nilimfuata kwenye mvua, nikachukua chupa nzima.

Machi 12

Nimemwonyesha chupa. Hajasema nami mpaka jioni.

Machi 15

Amekubali kuijaribu, eti ili ninyamaze. Akatia matone machache kwenye Saa Kumi, akanusa, akatia tena. Nikamwambia imetosha. Akatia tena. Chumba kimejaa miski, macho yananiwasha, na yeye ameinamia glasi ya kuchanganyia, uso umekunjamana, ananiuliza kama nina hakika ile chupa haikuchakachuliwa.

"Dada, inanuka mpaka barabarani!"

"Barabarani kunanuka barabara."

Akatia tena.

Machi 19

Fundi cherehani amekuja na gauni la mteja, amelishika mbali na mwili wake. Lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta unaotutenganisha naye.

"Jirani," akasema, "mwenye gauni hili amefiwa na mume. Atasimamaje mbele ya watu ananukia hivi? Watasema alikuwa anangoja."

Nikalipeleka nyumbani, nikalifua mara mbili. Miski hii haisikii sabuni. Nadhani hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na Bwana Sampuli hakuitaja. Dada aliposikia habari ya gauni alisema fundi ana maneno mengi tangu alipotoboa ule ukuta.

Machi 21

Mume wangu anasema kazini wamehamishia meza yake dirishani, na dirishani kunavuja. Anasema hata chai yake inanukia mimi. Nikamuuliza kama hiyo ni lawama au sifa. Akaomba muda wa kufikiri.

Machi 24

Leo nimechoka kabisa, na si kwa kazi.

Kuna chupa ya kahawia kwenye rafu ya juu ambayo Dada huitia katika kila Saa Kumi, baada ya vingine vyote, kama alivyokuwa akifanya Mama. Anaiita Poda. Haina harufu. Nimeinusa tangu nikiwa msichana, kwa jua na kwa mvua, haina kitu. Mimi naiita maji ya heshima, maana naona tunayatia kwa heshima ya marehemu tu. Sijawahi kubishana naye juu ya hilo. Mtu ana haki ya kumkumbuka mama yake kwa matone mawili matatu.

Lakini leo, mara tu baada ya kuniambia tena kwamba nimeuziwa maji, alipanda kigoda, akashusha maji ya heshima, akafumba macho na kuyatia kwa adabu zote. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Angalau hii ipo."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua bila mwavuli.

Machi 28

Mvua. Glasi nyingine ya Saa Kumi imemwagwa. Hakuna mtaro unaonukia vizuri kama wetu katika mji huu.

Aprili 2

Leo hakumwaga wala hakutia. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, chupa ya miski mpya iko wazi mapajani, anainusa tu. Hakugeuka nilipoingia.

"Jana nilimpa yule mama anayeuza magazeti pale kona," akasema. "Alipiga chafya. Akaniambia, shoga yangu, hii kali." Akakifunga kizibo polepole. "Mimi sisikii kitu, mdogo wangu. Si kwamba naikataa. Sisikii."

Mwezi mzima nilimwona mkaidi, na Dada mkaidi nimemzoea, najua pa kumshika. Dada asiye na uhakika sijawahi kumwona. Alisema pua ikianza kufa huanzia mahali, na bila shaka imeanzia hapo, na kwamba yeye hatangoja mpaka wateja wamcheke. Amemwita mtu aje kuiangalia mizani, kama ataitaka. Niliogopa. Nilijitia kutafuta kitu kwenye droo ili asinione.

Aprili 4

Nimempima. Nilimfunga kitambaa machoni, nikampitishia kila kilichomo humu. Limau akalitaja. Waridi akalitaja, akaongeza kwamba nimelichukua kwenye chupa ya mwaka jana. Spiriti, akasema tumebadilisha muuzaji, na kweli nilibadilisha bila kumwambia. Akasema fundi cherehani anaunguza sufu, na muda si muda tukamsikia fundi akiilaani pasi yake. Akasema nimekula chungwa nikajifuta mikono kwenye sketi. Pua ya Dada haijafa. Pua ya Dada inaweza kuitwa mahakamani ikatoa ushahidi.

Kisha nikampa miski mpya.

"Karatasi tupu," akasema.

Basi hapo nikajua. Anaigiza! Mtu anayesikia chungwa kwenye sketi atashindwaje kusikia kitu kilichomhamishia mume wangu dirishani? Ameamua kwamba vitu vya maabara haviingii katika manukato ya Mama, na kwa kuwa hawezi kushinda kwa hoja, anashinda kwa kujifanya mgonjwa. Na mimi juzi nilikuwa nusura nilie.

Aprili 6

Mvua. Yeye kimya, mimi kimya.

Aprili 9

Tumegombana. Nilimwambia aache maigizo. Akauliza maigizo gani. Nikasema haya ya kunifanya mjinga, akitaka kufunga chumba afunge, lakini asisingizie pua. Alikuwa anafuta mizani. Akakikunja kitambaa taratibu sana, na kwake hiyo ni dalili mbaya.

"Mimi nasema uongo?"

"Sijui unasema nini. Najua unasikia."

"Lini nimewahi kukuambia uongo kwenye kazi hii?"

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikasema, "Kila chupa tuliyouza umeitia maji, ukaniambia ni poda."

Alinitazama kana kwamba nimesema lugha asiyoijua. Akavua aproni, akaitundika. "Changanya mwenyewe, basi," akasema. "Wewe si ndiye unayesikia." Akatoka kwenye mvua akauacha mwavuli wake. Nilimkimbilia nao mpaka kona. Akaukataa mbele ya watu wote.

Aprili 13

Nimechanganya Saa Kumi peke yangu. Nimeipima kwa mikono hii kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, siwezi kupotea. Miski mpya nimeitia kwa kiasi, si kwa mafuriko. Maji ya heshima sikuyatia kabisa. Tumeheshimu vya kutosha. Fundi cherehani amechungulia dirishani akasema, "Leo mmenihurumia," na mimi nimejisikia vizuri kupita kiasi.

Aprili 17

Mnunuzi amekuja leo bila taarifa, mvua bado inanyesha, viatu vyake vizuri ameviweka kwenye mfuko na miguuni amevaa kandambili. Alikuwa anapita, akaona asingoje. Nilimpa kigoda cha Dada, nikampa kijikaratasi, nikakunja mikono.

Alinusa muda mrefu. Akajipaka mkononi, akazungumza mambo ya barabara mbovu, akanusa tena.

"Nzuri," akasema.

Nilianza kutabasamu.

"Lakini hii si Saa Kumi. Chupa yangu ya kwanza aliniuzia mama yenu, nilipopata kazi. Ilikuwa na poda. Si poda ya watoto, poda ya mwanamke mzima anayejua anakokwenda. Hii hapa ni sabuni nzuri sana." Akafuta mkono kwa leso. "Dada yako yuko wapi?"

"Anaumwa."

"Mpe pole. Nitapita tena mvua zikikatika, mara moja tu, mpenzi. Nina rafu tupu, siwezi kuziweka bila kitu kwa sababu ya kumbukumbu zangu."

Alipoondoka nilipiga teke kigoda. Poda! Nani mwingine mjini hapa anatamka neno hilo? Nilikuwa na hakika Dada amekwenda kwake akamlisha maneno. Nikaishusha chupa ya kahawia, nikaitia mkobani. Nitawaonyesha watu wasio na upande wowote kwamba humo mna maji, kisha nitampelekea Dada majibu yao mlangoni kwake.

Aprili 18

Naandika mapema, kabla hasira haijageuka kitu kingine, ingawa nadhani imeshageuka.

Asubuhi nilianza na fundi cherehani. Nilimpa kijikaratasi bila kumwambia lolote. Alitoa pini mdomoni. "Poda," akasema. "Poda na ua fulani." Nikamuuliza kama Dada amepita hapa. Akasema Dada hajaonekana tangu ile siku ya mwavuli, na kwamba mtaa mzima unajua habari ya mwavuli.

Nikarudi nyumbani. Mume wangu alikuwa anakunywa chai na sigara yake. Yeye hatofautishi waridi na petroli, ndiyo maana nilimwamini. Nikampa kijikaratasi. Alikisogeza puani, akaizima sigara, akasimama.

"Mama mkwe," akasema.

"Nini?"

"Hii ni ya mama mkwe. Siku ile aliyokuja kwetu kunikagua, kabla hajakubali nikuoe. Mlango ulipofunguliwa iliingia hii kwanza, ndipo akaingia yeye. Umeitoa wapi?"

"Acha mzaha."

"Mke wangu, mimi na mama yako tulikuwa na mzaha lini?"

Na bado alikuwa amesimama, maskini, kwa mkono mmoja anajifunga kifungo cha shati.

Nilikichukua kijikaratasi. Nikanusa. Karatasi. Nikakipasha joto kwa viganja. Karatasi. Nikamwaga matone kwenye mkono wake, nikanusa mkono wake, nikasikia tumbaku na sabuni ya kufulia. Nikatia kwenye leso, nikafunika uso wangu wote kwa ile leso, nikavuta mpaka kifua kikaniuma. Mume wangu akasema, "Taratibu, imejaa chumba kizima." Ilikuwa imejaa chumba kizima, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake sisikii kitu.

Nilikaa kitandani. Nilimwona Dada kwenye kigoda, chupa mapajani. "Si kwamba naikataa. Sisikii." Na mimi nilimwambia anaigiza.

Aprili 19

Nimemtafuta Bwana Sampuli mpaka nimempata amejikinga mvua kwenye kibaraza cha posta. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Hakushangaa hata kidogo, jambo ambalo liliniudhi.

"Kawaida hiyo, mama. Kuna harufu mtu hazisikii, amezaliwa hivyo, na nyingine zote anazisikia kuliko wewe na mimi. Miski hii mpya wengi hawaisikii. Hiyo Poda yenu vilevile. Hakuna pua iliyokamilika."

"Ulijua? Siku ile Dada aliposema maji, ulijua?"

"Nilihisi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeonyeshwa mlango."

Nikamuuliza Poda inatoka kwenye ua gani. Akacheka kwa adabu. Inatoka maabara, akasema, na ilikuwapo kabla bibi yake hajazaliwa. Miski ya kopo nayo ilitoka kiwandani. Hayo manukato ya zamani ambayo watu wanayalilia yalianza hapo hapo, watu wa maabara walipowapa wachanganyaji vitu ambavyo hakuna ua lililowahi kuvitoa. "Saa Kumi haijawahi kuwa asili tupu, mama. Mama yenu alikuwa mwanamke wa kisasa."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Dada. Nilimkuta anakunja magauni, sanduku liko wazi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini yalitoka ovyo: sikuamini, nisamehe, pua yako haina kasoro, na yangu iko vivyo hivyo, ile Poda mimi siisikii, sijawahi kuisikia.

"Huisikii Poda?"

"Sijawahi."

"Hata kwa Mama? Alipokuwa anakuinamia akikufunga vifungo?"

"Mama alikuwa ananukia sabuni, Dada."

Aliliweka gauni chini. Nikadhani atanitukana, na ningekubali.

"Siku tulipomzika," akasema, "nilikuletea kitambaa chake cha kichwa. Nilikuambia nusa. Ukanusa, ukaniambia, kimefuliwa hiki, ukanirudishia. Nilijua una roho ngumu. Tangu siku ile nimekuwa najua hivyo."

Nilikumbuka kile kitambaa. Nilikuwa nimekibana puani kwa nguvu zangu zote. Nilidhani mtu amekifua kabla sijafika, na mimi pia nilikuwa nimemchukia mtu huyo, sikujua nani. Nilimwambia. Tukalia wote wawili, vibaya, bila mpangilio, sanduku likiwa katikati yetu.

Kisha nikamwambia habari ya maabara, maana singeweza kukaa nayo. Akasema uongo. Nikamwambia amuulize Bwana Sampuli. Akasema Bwana Sampuli ni mwongo wa kulipwa. Akaendelea kukunja gauni lile lile.

"Mama alijua?"

"Mama ndiye aliyekuwa ananunua."

"Mwanamke yule!" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nilimsikia akicheka. Lakini nguo hakuzitoa sandukuni. Alisema hawezi kuchanganya kitu asichokisikia, hiyo ni kazi ya upishi wa kipofu, na mtu wa mizani anakuja Jumamosi.

Aprili 22

Jumamosi imefika, mtu wa mizani naye amefika. Nimemwambia mizani ni mbovu. Dada alikuwa nyuma yangu, akasikia, hakunisahihisha. Baadaye amenigombeza kwa kuitukana mizani ya Mama.

Aprili 30

Mvua zimepungua. Hizi siku zote tumekuwa tunachanganya, yeye akitia miski ninayoisikia mimi, mimi nikitia Poda anayoisikia yeye, na kama nilifikiri kwamba baada ya machozi yale kazi itakuwa laini, nilijidanganya. Ni mbaya kuliko mwanzo. Zamani Dada alikuwa ananipuuza kwa raha zake. Sasa analazimika kunisikiliza, na kila tone anataka maelezo.

"Ikoje hasa?"

"Laini."

"Laini si harufu. Unga ni laini. Matope ni laini."

Nimemwambia basi: ni shuka iliyokauka juani, umeianua, umeikumbatia kabla hujaikunja. Ameikunja midomo, akafikiri, akatia. Nikamwambia imetosha. Mkono wake ulikuwa bado juu ya glasi, dropa ya kudondoshea imejaa. Nilimwona anavyoteseka. Mbele yake kulikuwa na maji matupu, na mimi niliyemwoshea vyombo miaka yote namwambia asiongeze. Akaishusha dropa, akaiweka mezani kwa kishindo, akasema tukiharibikiwa atanitaja kwa Mnunuzi kwa jina na ukoo.

Zamu yangu ikafika. Chupa ya kahawia. Nilimuuliza nayo ikoje, akajibu upesi, hakuhitaji kufikiri.

"Ni Mama amemaliza kuvaa. Yuko tayari, funguo ziko mkononi, lakini amekaa kwanza kidogo kitandani. Hana haraka na mtu."

Nilimuuliza matone mangapi. Alinusa, akaniambia ongeza, ongeza, basi. Nikaacha hapo hapo. Sikubishana, na Mungu anajua hilo halikuwa jepesi.

Mei 9

Jua. Mnunuzi amekuja na viatu vyake miguuni.

Alikaa, akapaka, akazungumza mambo ya binti yake anayesoma, akanusa. Kisha akaacha kuzungumza. Alitazama mkono wake mwenyewe muda mrefu. Dada alikuwa amesimama wima kabisa. Mimi nilikuwa kwenye karo naosha faneli ya kumiminia, maana mtu lazima aoshe faneli.

"Ndiyo hii," akasema Mnunuzi. "Ila hapa chini kuna kitu kipya. Ni nini?"

Nilijua Dada hasikii kilichoko huko chini. Nilifungua mdomo nimsaidie, akaniwahi.

"Ni shuka," akasema, anamtazama machoni. "Imekauka juani. Umeianua, umeikumbatia kabla hujaikunja."

Maneno yangu, moja baada ya jingine, bila hata kuniangalia! Mnunuzi alitikisa kichwa kukubali. Akasema hivyo hivyo, ndivyo anavyosikia. Akageuka kwangu. "Na hii poda, dada yangu, mnaitoa wapi? Sijakutana nayo popote."

Nilizima bomba. Nilimwambia, "Ni mama yetu amemaliza kuvaa, funguo ziko mkononi, ila amekaa kwanza kidogo kitandani." Dada akaanza kukohoa, na wala hana kikohozi.

Mnunuzi ametaka mzigo wa kwanza uwe tayari mwezi ujao. Alipokuwa anafunga mkoba wake akauliza, watu wa maduka watataka kujua, nani kati yetu ndiye pua ya nyumba hii. Miaka yote swali hilo Dada hulijibu kabla halijamalizika. Leo alikaa kimya mpaka mgeni akadhani hakusikia.

"Nusu ni mimi," akasema. "Nusu nyingine ndiyo ile pale, inaosha faneli."

Ningependa angesema jambo kama hilo mikono yangu ikiwa mikavu, nipate kujifuta macho. Lakini ndivyo alivyo Dada, hana saa. Nikageukia karo, nikafungua bomba, nikaiosha ile faneli mara ya pili.